Askari wa Kopo

Mjane aligonga ubao wa kichwani mwa kitanda mara tatu. Ubao ukajibu mara tatu.

"Umesikia?" akamwuliza bintiye. "Ni baba yako huyo. Ndivyo alivyokuwa akigonga mlango kila akitoka kazini."

"Mama, ni wadudu hao!" Binti alikuwa amechoka hoi. Tangu mazishi, miezi mitatu sasa, mama yake hatoki chumbani, eti ana mgeni. Akamleta fundi wa samani.

Fundi alipapasa ubao, akaona vitundu. "Hawa wanabungua mbao, mama. Ukigonga wanajibu, wanadhani mwenzao anawaita." Unga wa mbao ambao wadudu hao huumwaga hakuuona, ila hakushangaa. Mjane alikipangusa kile kitanda kila asubuhi, kikang'aa kuliko sahani.

Fundi akafungua kopo alilokuja nalo. Ndani walitambaa wadudu wadogo wenye mabaka mekundu na meusi, kama ubao wa drafti.

"Askari wangu hawa. Mbao hawagusi ng'o! Wanaingia kwenye vitundu, wanawala wale wanaobungua mpaka wa mwisho. Niwaachie?"

Mjane akamtazama binti, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Akauinamia ubao.

"Mume wangu, kama ni wewe, nisamehe. Nimechoka kuitwa mwendawazimu. Nenda, usinigongee tena."

Fundi akawaingiza askari wake, akaufunika ubao kwa kitambaa chepesi, akabandika pembe zote.

Jioni ile mjane aligonga. Kimya. Kesho yake, kimya. Loo, kumbe kweli alikuwa akipiga soga na wadudu! Aliona haya, akacheka, akalia kidogo. Wiki haijaisha, alikuwa jikoni anaimba, na binti akalala usingizi wa pono.

Wiki ya tatu fundi alirudi kuchukua askari wake. Alibandua kitambaa, akapasua kipande cha ubao kwa patasi, akachungulia. Akachungulia tena.

"Wamewamaliza?" mjane aliuliza mlangoni, akifuta mikono.

Fundi akamfunulia kiganja. Askari wote walikuwa wamekauka, wepesi kama pumba.

"Wamekufa njaa, mama. Vitundu hivi ni vya zamani. Humu hamjaishi mdudu miaka na miaka."

Mjane akasogea kitandani, akagonga mara tatu. Akasubiri. Akagonga tena.