Bangili Nyekundu

Bangili ya muuguzi Nasra iligeuka nyekundu alipomvua shati mgonjwa aliyezidisha unga wa kulevya. Nyekundu maana yake unga umekugusa ngozi, na sheria ni kwamba ukiwa nayo humgusi mtoto siku tatu. Glavu nzito sisi wauguzi tunaziomba mwaka wa tisa sasa. Bangili zililetwa ndani ya wiki moja.

Nyumbani alisimama mlangoni. Mumewe, Shebe, alikuwa amempakata mtoto, anamnywesha kwa chupa.

“Ya ngapi mwezi huu, mama Rukia?”

“Ya nne.”

“Wenzako wakigusa unga hulewa wakafurahi. Wewe unaambulia rangi tu. Haya, mwimbie kutoka hapohapo.”

Akaimba. Rukia akageuka, akamtazama kidogo, kisha akaficha uso shingoni mwa baba, kama afanyavyo wakija wageni.