Kubonyeza Mara Mbili

Katika ofisi ya bwawa, programu ya kuendesha lango la maji iliundwa mara mbili kila ilipobadilishwa. Folda yake ya kwanza ilizalisha faili la vipimo vya kufungulia lango, na folda ya pili ililisoma. Lakini ya pili haikusubiri ya kwanza imalize. Ilichukua vipimo vya zamani. Ndiyo maana Bwana Shekue, mwendeshaji wa siku nyingi, alikuwa akibonyeza kitufe cha kuiunda, akinywa kahawa, kisha akibonyeza tena. Walioajiriwa baada yake waliiga vyote, hata kahawa.

Mvua ilipozidi, ikaamriwa lango lifunguke maji yakifika mita nne, badala ya tano. Tunu, mtaalamu mpya wa programu, aliongeza mstari mmoja kwenye maelekezo ya folda ya pili: isubiri vipimo viandikwe kwanza. Akabonyeza mara moja, akaituma programu langoni.

"Rudia," alisema Shekue.

"Hakuna haja, mzee. Sasa inasubiri yenyewe."

"Miaka yote nimerudia, na watu wa bondeni wamelala pakavu."

"Fungua faili ujionee."

Shekue akalifungua. "Nimeona. Limeandikwa nne."

"Sasa je?"

"Hilo ni faili. Na lango?"

Tunu aliondoa mikono kwenye kibodi, akamsogezea Shekue.

Shekue aliweka kidole juu ya kitufe bila kukibonyeza. Wote wawili walitazama namba za maji zikipanda kwenye skrini. Mota ya lango ilikuwa chini ya sakafu, kimya.

Maji yalipogusa nne, sakafu ilitetema na kahawa ya Shekue ikatikisika kikombeni. Kidole cha Shekue kilikuwa bado juu ya kitufe.