Bibie wa Saa Nne

Jaji alimrudishia mwenye gari jeupe mfuko wake wote. Chupa zimechanganywa na maganda, na kopo moja bado lina mchuzi! Mtu mzima na gari lake akaenda kusimama bombani, anaosha makopo huku amenuna.

Jina hilo la Jaji alipewa na wateja. Alikuwa msimamizi wa kituo cha kupokea taka za kurejelezwa, na kwa miaka saba hakuna mfuko uliompita bila kuhukumiwa. Kutwa nzima aligombana na watu. Jioni akipanda kwenye chumba chake cha ugane, kisicho na wa kumwambia pole, hakutaka hata kulisikia neno taka.

Ila siku hizi kulikuwa na bibie mmoja wa kilemba cha kijani. Huyu alikuja kila siku saa nne na mfuko mdogo: makopo yameoshwa yakang'aa, chupa zimebanduliwa lebo, magazeti yamefungwa kwa uzi. Jaji akimwona tu, moyo unamwenda mbio.

Tena taka zake alizisoma. Kopo moja la samaki: kumbe anaishi peke yake. Samaki wenyewe wa pilipili, kama anaokula yeye. Kahawa ni ileile yake, chungu. Gazeti ni la michezo, ukurasa wa ndondi umekunjwa! Mwanamke anayependa ndondi, jamani, atampata wapi mwingine?

Wiki ya tatu akanyoa ndevu, akapiga pasi shati, akajikaza kisabuni. Alipompokea mfuko alimwambia kwamba anamjua kuliko anavyodhani, kwamba upweke umemchosha, na kwamba watu wanaokula sawa, wanaokunywa sawa na kusoma sawa hawana sababu ya kulala mbalimbali. Akamwomba wafunge ndoa. Foleni nzima ikasogea kusikiliza.

"Unataka kunioa kwa sababu ya taka hizi?" bibie aliuliza.

"Hizi zimenieleza kila kitu," Jaji akajibu.

Bibie akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mimi kahawa sinywi, bwana, na ndondi zinanitia hofu. Ndimi mpangaji mpya wa chumba cha chini yako. Pipa unalomwagia taka zako kila alfajiri, bila kutenganisha hata kopo, ni langu."