Vigelegele vya Bondeni

Kila mtaa una umri wake, na ukiupita, hospitali inakupa dawa za maumivu tu. Umri huo ni wastani wa miaka ambayo watu wa mtaa hufikisha kabla ya kufa. Dakta Tunu ndiye aliyeupima, mtaa kwa mtaa, tangu ujana wake, ili serikali ione maskini wanavyokufa mapema. Serikali iliona, ikaufanya kikomo.

Alipopigiwa simu kwamba mdogo wake Makame amefia nyumbani, alikwenda Bondeni kwa mama yao akiwa amechoka hata kulia hawezi. Hakukuta turubai la msiba wala kilio. Alikuta mlango umepambwa maua, taarabu inarindima na majirani wanapika pilau.

"Mama, hii harusi ya nani?"

Mama yake alimvuta hadi chumbani alikolazwa maiti. "Si wewe uliyevifundisha videge vya serikali visivyo na rubani kuhesabu misiba? Kijana akihesabiwa, umri wa mtaa unashuka. Mimi na sukari yangu nitakwenda wapi?"

Kwa mazoea, Tunu alikuwa ameshapiga hesabu kichwani: Makame akihesabiwa, mama yake atakuwa ameupita umri wa mtaa.

Kidege cha sensa kikapita juu ya paa. Mama akafuta machozi upesi.

"Piga kigelegele, mwanangu."

Tunu akapiga. Watu wa mtaa wa pili wakaitikia kwa vigelegele vyao, kisha wa tatu, na hapo akaelewa kwa nini mwaka huu takwimu zake za vifo zilikuwa nzuri.