Kishikwambi Kisichomjua Mwenyewe

"Sasa nivue uso nivae mwingine?"

Mteja alikibwaga kishikwambi juu ya kaunta, kikazunguka na kuangusha kopo la kalamu. Kilikuwa toleo jipya kabisa, lililozinduliwa mwezi uliopita kwa matangazo ya redio asubuhi na jioni: kinamjua mwenyewe kwa kumwangalia tu, hata gizani. Sasa kila akikiinua kinaandika: Samahani, sikutambui.

Vestina, mwenye duka pale Majengo, alimtazama. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba. Midomo imevimba, mashavu yameumuka kama maandazi yaliyozidi hamira.

"Hata mama mkwe wako leo angekufungia mlango," alimwambia.

Dina wa duka la vitenge la jirani, ambaye huwa haachi ugomvi umpite, alishafika. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

Mteja hakucheka. Alisema ni nyuki. Yeye mtu wa Ugalla, Jumapili alikuwa kwenye mizinga, sasa kosa lake liko wapi? Nyie wa mjini mnatengeneza kitu cha watu wasiong'atwa na nyuki, halafu mnakuja kuwauzia warina asali. Wezi wa mchana.

Vestina akamjibu kwamba yeye anauza vifaa, hatengenezi sura. Akamuuliza namba za siri. Mteja akasema alishazisahau, na angekuwa mtu wa kukumbuka namba asingenunua kinachoangalia uso. Dina akasema hapo kaka ana pointi.

Vestina akafungua daftari la wateja. "Jina?"

"Melkiadi. Wa Ugalla. Tafuta, nimo."

Jina lilikuwemo kweli, na namba ya simu pembeni. Sura ilikuwa imemtoka Vestina akilini, lakini siku yenyewe aliikumbuka. Mtu alikaa pale nusu siku akihamishiwa vitu kutoka simu ya zamani, huku akiuliza maswali ambayo hakuna mteja aliyewahi kuuliza. Kinavumilia joto? Kinavumilia moshi?

"Nataka kitu kimoja," mteja alisema. "Kifute chote, kianze upya, kinisome na sura hii hii. Treni ya Tabora inaondoka mchana na mimi naondoka nayo."

Vestina akakigeuza. Tundu la chaji lilikuwa limeziba nta. Akaanza kuichokonoa kwa pini, akilalamika kwamba watu wanatunza vifaa kama viatu vya shamba, halafu wanakuja kugombana na muuzaji. Mteja akamwambia achokonoe kimya kimya.

"Nikifuta, kila kitu kinaenda," Vestina alisema. "Na zile sauti za mama yako anavyoimba. Ulisema hazipo kwingine."

"Futa."

"Marehemu mama yako."

"Si ndiyo nasema futa. Marehemu anadai nini?"

Dina aliacha kucheka. Akasema taratibu, kama anaongea na vitenge vyake, kwamba kuna watu nyuki wangewaongezea kidogo.

Kidole cha Vestina kilikuwa kimeshafika pa kubonyeza. Akakiondoa. Akasema toleo hili ni bovu kuliko alivyofikiria, linataka fundi, na fundi mwenyewe anamjua. Akachukua daftari lake, akatoka nje kupiga simu. Walimsikia akisema, "Njoo hivyo hivyo, vifaa vyote ninavyo." Aliporudi akasema bahati nzuri fundi leo yuko mjini, mtaa wa Shanwe.

Mteja alitukana kampuni, akatukana redio, akamtukana fundi kabla hajafika. Kila baada ya dakika mbili aliuliza saa. Vestina akampa kiti na soda, na kwa mdomo ule nusu yake iliishia kwenye shati. Dina akaleta kigoda chake, akakiweka mlangoni katikati kabisa, akakaa.

Fundi alikuja na bodaboda. Alikuwa mwembamba, shati linanuka moshi, uso laini usio na hata nundu moja. Hakusalimia mtu. Aliinama juu ya kaunta bila kugusa kitu.

Kishikwambi kikawaka. Kikaandika: Karibu, Melkiadi.

Akageuka akautazama ule uso uliovimba, wala hakuutambua. Macho yakashuka mpaka kwenye viatu, yakatulia hapo.

"Fredrick, jirani yangu," alisema. "Mzinga ninaofichia vitu umeujua. Sasa si ungekuja kuniomba hata moshi?"