Hitima ya Mayfair

Harufu ya pilau ilimpokea Mahmoud kwenye ngazi za ghorofa ya mama yake, mtaani Mayfair, damu ikamchemka. Pilau Jumatano, na udi juu yake! Basi Bakiri, jirani wa mama, hakumdanganya kwenye simu: mama yake, Zuhura, anasomesha hitima.

Naye Mahmoud alikwisha kumkataza. Mwaka jana, alipozikwa baba yake, mzee Othmani, Mahmoud alimnyamazisha shehe kaburini asimsomee maiti talakini, mafunzo ya kujibu maswali ya kaburini. Yeye ni mhadhiri wa chuo kikuu Braamfontein, bingwa wa habari za Kaum Muda, wale wanamageuzi wa Kimalei waliozipiga vita hitima na talakini karne moja iliyopita. Mama alilia, akatii. Haikupikwa hata sahani ya wali.

Kisha Mahmoud akaenda kuhutubia Kuala Lumpur, akamtaja baba yake mbele ya ukumbi mzima kuwa mfano wa ujinga. Ukumbi ukaangua kicheko. Video ilizunguka mpaka ikaingia kwenye simu ya mama, na tangu hapo hapokei simu za mwanawe wa pekee. Jambo hilo lilimuuma Mahmoud kuliko alivyotaka kukiri. Hana mwingine duniani.

Alisukuma mlango. Wanaume walikaa mkekani, juzuu mikononi, na hakuna aliyeinua uso. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni.

"Karibu, mgeni," alisema.

"Eish, mama, mgeni tena! Nilikwambia nini kuhusu hitima?"

"Uliniambia nisimsomee mume wangu. Sijamsomea."

"Na hiki kisomo?"

"Kaa ule. Mgeni hanyimwi chakula kwangu."

Mahmoud alicheka. Kumbe bado anamwogopa, mpaka anasema uongo mchana kweupe! Moyo ukamlainika kidogo. Angemwaibisha leo mbele ya watu, kesho angemnunulia kanga, yangekwisha.

Akamgeukia shehe, yule yule wa makaburini.

"Haya, shehe, mtaje huyo maiti wenu. Mtaje kwa jina, sote tusikie."

Shehe alimtazama Zuhura. Zuhura akaitikia kwa kichwa, akavuta ushungi mpaka machoni. Mikono yote ikainuliwa.

"Ewe Mola, thawabu za kisomo hiki zimfikie marehemu Mahmoud bin Othmani."

"Amina," alisema mama, kabla ya wote.