Chaza Aliyekonyeza

"Haya ni kweli tupu, na mkikuta chembe ya uongo, ninyoeni hizi sharubu!" aliapa Mzee Mwinyihatibu, mstaafu wa bandari, akiwa kwenye kiti cha kinyozi. Sharubu zenyewe alizilea tangu ujana, na ndizo mkewe alizompendea.

Akatoa mfukoni gamba jeupe. Mwenye gamba hili, alisema, ni chaza wa vilindini kusikofika jua. Ni wa ukoo mmoja na kome: magamba mawili kama sahani zilizofunikana, na mguu mmoja wa kujichimbia topeni. Kichwa hana kabisa.

"Basi nilipomvua, akanitazama, akanikonyeza!"

Shaweji kinyozi akashusha kitana. "Babu, kichwa hana, jicho la kukukonyezea alilitoa wapi?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mzee naye akacheka kuwashinda wote.

"Haya, nyoa. Leo mama watoto hanifungulii mlango, atasema ni mgeni."

Sharubu za kushoto zikaenda. Wembe ulipofika kulia, mzee akanong'ona, "Hivi nimewahi kukusimulia habari za chaza mwenye sharubu?"

Wembe ukasimama hewani.